Msitu Kwenye Shamba la Baba

Wageni wakija siku hizi huambiwa kwamba hapa palikuwa na shamba lililochoka, na kwamba mzee mwenye shamba, kwa wema wa moyo wake, alilitoa ili wanakijiji wapande miti. Maneno hayo husemwa na mwenyekiti wa msitu, naye huyasema vizuri, maana Mungu alimjalia ulimi. Mwenyekiti huyo ni mtoto wa baba yangu mdogo. Mzee aliyetoa shamba alikuwa baba yangu mzazi. Na shamba halikuwa limechoka.

Lilikuwa upande wa bara ya Malindi, mbali kidogo na lami. Sehemu ya juu ilikuwa ya mchanga, na huko ndiko baba alikokuwa na mikorosho yake. Chini, kuelekea korongo, udongo ulikuwa mwekundu na mzito, na mvua ya mwaka ikinyesha vizuri mahindi yalikuwa yakimzidi mtu kimo. Kati ya mahindi alipanda kunde, na pembeni mihogo ya kutuliza njaa miaka ya ukame. Mama alipofariki mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimeachika, na ninashona nguo Mtwapa katika chumba cha kupanga. Nilimwambia baba aje tukae pamoja. Akaniuliza mahindi yake atamwachia nani. Basi akabaki peke yake, akajipikia, akalima, na nywele zake zikawa nyeupe zote.

Mwaka mmoja, baada ya mvua, mtoto wa huyo ndugu yangu, mwenyekiti wa leo, aliugua homa. Alipelekwa zahanati, kisha hospitali, hakurudi. Alikuwa msichana mdogo, bado hajaanza shule. Baba alikwenda kwenye matanga na kikapu cha mahindi, kama mtu anavyokwenda kwa mtoto wa ndugu yake. Hakuna aliyenyoosha mkono kukipokea. Akakiweka karibu na mlango, akakaa na wanaume wengine, na baada ya muda akaona wale waliokuwa wamekaa karibu naye wamehama mmoja mmoja. Alipoondoka, mahindi yake yalikuwa yamemwagwa uani na kuku wanayala. Aliponisimulia alisema, "Nikajua."

Kwetu neno lenyewe ni mutsai, mchawi, na mzee hahitaji kufanya mengi ili aitwe hivyo. Awe na mvi, awe anaishi peke yake, awe na shamba zuri, kisha mtoto wa jirani afe. Nimefikiri sana kuhusu ndugu yangu. Watu wa Mtwapa niliowaeleza habari hii wote waliniambia alitaka shamba tu, na mtoto alikuwa kisingizio. Mimi sidhani ilikuwa rahisi hivyo. Nadhani alimlilia mwanawe kwa kweli, na katika kulia akatafuta wa kumtupia uchungu, na jicho lake likaenda lilikokuwa limeshazoea kwenda.

Walikuja alasiri. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua kunde. Ndugu yangu alikuwa mbele, na nyuma yake vijana wengi ambao baba aliwajua tangu wakibebwa mgongoni. Walimwambia achukue anachoweza kubeba. Kisha wakatia moto makuti ya nyumba. Mtu mmoja tu ndiye aliyejitia kati, mama jirani yetu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mjane, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito. Alimshika baba mkono, akawaambia wale vijana kama wanataka kumpiga waanze na yeye, akatembea naye mpaka barabarani, akangoja naye hapo mpaka gari likapatikana. Siku ile alimwokoa baba yangu. Naliandika hili mapema ili yale nitakayosema mbele yasimwonee.

Nilikwenda kituo cha polisi. Wakaniambia nilete mashahidi. Mashahidi wote walikuwa jamaa zetu, na wote walikuwa hawakuona kitu. Yule mama alikuwa tayari kusema, lakini nikaambiwa sauti moja haitoshi.

Baba akaanza maisha ya ploti, vyumba vingi vya kupanga kwenye ua mmoja. Chumba changu kilikuwa kimoja, na pazia katikati. Majirani zangu walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, mpishi wa hoteli, mlinzi, muuza mitumba, na wote walimpenda. Walimwita mzee, walimwamkia shikamoo kabla ya kwenda kazini, na yeye akaitikia marahaba kwa adabu zote. Hawakujua kilichomleta, na mimi sikuwaambia. Lakini kulikuwa na mtoto wa muuza mitumba aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Kila asubuhi alitambaa barazani mpaka alipokaa baba, akitaka kumshika vidole vya miguu. Baba alikuwa akiinua miguu yake yote miwili, anaikunja juu ya kiti, anatazama pembeni mpaka mama wa mtoto aje kumchukua. Hakumgusa hata mara moja. Mama wa mtoto alidhani mzee hapendi watoto. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, naona, na mguu wangu unasimama kwenye kanyagio.

Haukupita muda mrefu yule mama jirani akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "wanapima shamba kwa kamba. Jana kuna mtu wa mjini ameletwa kulitazama. Amevaa viatu vya ngozi."

Nikamwambia baba hajauza na hatauza.

"Najua. Lakini asipokuwepo mtu, watauza tu, na kesi utaifuata mpaka uzeeke. Kikundi chetu kinatafuta ardhi ya kupanda miti. Kuni tunazifuata mbali, boriti za kujengea tunanunua, korongo nalo kila mwaka linakula shamba la mtu. Kama baba yako angekubali, tungelifanya msitu wa kijiji chote. Shamba la mtu mmoja huibiwa. La watu wote, mwizi ataanzia kwa nani?"

Nilimweleza baba jioni ile. Alikula ugali wake mpaka akamaliza, akanawa mikono, ndipo akaniuliza, "Na wale nao watapata kuni humo?"

"Watapata, baba. Ni la watu wote."

"Hata aliyetia moto?"

"Hata yeye."

Nilingoja akatae. Akasema, "Bora miti kuliko yule wa viatu vya ngozi. Waambie wasiikate mikorosho. Wapande chini yake, miche inataka kivuli." Kisha akaanza kutaja miti, na nikaona uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu aje. Alitaka mbambakofi. Alitaka muhuhu na mkwaju. Mivinje hakuitaka, alisema ni miti ya watu wenye haraka.

Baraza liliitishwa kwa naibu wa chifu. Mimi nilikwenda, baba asingeweza. Ndugu yangu alisimama akasema lile ni shamba la ukoo na haliwezi kugawiwa na mwanamke anayeishi Mtwapa. Naibu akamuuliza, "Mwenye shamba yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi tumsikie yeye."

Nikampigia simu muuza mitumba kule ploti, akampa baba, nikaweka sauti ya juu na kuinyanyua simu. Sauti ya baba ikatoka mbele ya watu wote, imekwaruza kidogo. Alisema jina lake, akasema shamba ni lake, akasema amekubali liwe msitu na akina mama walisimamie. Kisha akawaamkia wazee wenzake kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine. Baadhi waliitikia. Vijana waliokuwa wamesimama nyuma walitazama chini. Ndugu yangu akakaa chini.

Halafu tukaweka masharti. Kwamba asijenge mtu, asilime mtu, asichome mkaa mtu. Mimi ndiye niliyeongeza la nne, kwamba asizikwe mtu. Kwetu kaburi ni hati. Ukishazika mzazi mahali, hakuna wa kukutoa, na nilimjua ndugu yangu, angengoja jamaa mmoja afe, akamzike kati ya miche, na kesho yake angekuwa na shamba. Yule mama alinikonyeza kwa furaha. Naibu akaandika, watu wakaweka vidole.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Mimi nilikuwa nikienda Jumamosi, nikikosa wateja kwa sababu hiyo. Akina mama walianzisha kitalu kando ya bwawa, wakajaza viriba kwa udongo na samadi, wakachimba mashimo yenye umbo la nusu mwezi ili maji ya mvua yakipita yanaswe. Mwaka wa kwanza mvua ilikatika mapema. Walibeba maji kichwani kutoka bwawani, na bwawa nalo likawa tope. Mbuzi waliingia. Mbuzi wengi walikuwa wa ndugu yangu, na alipoitwa alisema mbuzi hawajui kusoma masharti. Nusu ya miche ilikufa, wakapanda mingine. Waliongeza mivinje, kwa sababu walihitaji kuona kitu kinakua, wasije wakakata tamaa. Baba nilimficha hilo.

Kisha miti ikashika. Sijui nieleze vipi, maana nilikuwa naichukia na kuipenda pamoja. Nilikwenda Jumamosi moja nikakuta mahali palipokuwa na jiko letu pana kivuli. Majivu ya nyumba yalikuwa yameisha kabisa, mahali pale pamekua mkwaju mzuri kupita wote, na akina mama wakanionyesha kwa fahari. Ni kweli majivu ni mbolea. Korongo liliacha kupanuka. Kanga wa porini walirudi, na wazee waliokuwa hawajawaona kwa miaka walikuja kuwasikiliza.

Wageni walipoanza kuja kutazama, kikundi kikahitaji mtu wa kuzungumza nao, mwenye pikipiki, aliyesoma kidogo, anayejua kuingia ofisini bila kutetemeka. Yule mama akanipigia simu mwenyewe, hakutaka nisikie kwa mtu mwingine.

"Tumemchagua ndugu yako awe mwenyekiti wa kamati."

Niliweka mkasi mezani.

"Ana mabaya yake. Lakini kazi hii anaiweza, na mbuzi wake hawajaingia tena tangu tumchague."

"Na moto je, mama?"

"Mwanangu, wewe unaishi Mtwapa," akasema, bila ukali. "Sisi tunaishi naye."

Nilitaka baba auone msitu kabla hajadhoofika. Nilikodi gari dogo, tukaondoka asubuhi tukapitia Kilifi, akiwa amevaa shati nililomshonea. Tulipofika kwenye njia panda alimwambia dereva asimame. Miti ilionekana vizuri kutoka pale, kijani kizito kati ya mashamba makavu ya watu. Nikamfungulia mlango. Hakushuka. Wanawake wawili walikuwa wakitoka na mizigo ya kuni, na nyuma yao watoto, na nadhani watoto ndio waliomzuia.

"Nimeona," akasema. "Wamepanda karibu karibu mno." Akatazama tena, akaongeza, "Na ile ni mivinje."

Tukarudi. Tulipofika Mtwapa alimshukuru dereva kwa heshima, akaingia ndani, akalala kabla ya chakula.

Aliugua mwaka uliofuata, kifua, na hospitalini hakukaa siku nyingi. Siku zake za mwisho alizungumza Kigiriama tu, na wauguzi walikuwa wakiniita nije kutafsiri. Jambo moja alilirudia mpaka nikamwahidi. Alitaka azikwe kwake. Kwa mama. Mama alikuwa amezikwa upande wa juu, kando ya mikorosho, kabla ya mambo haya yote, na kaburi lake lipo mpaka leo, limezungushiwa mawe.

Alipofariki nilikwenda kwenye kamati. Walikutana katika kibanda cha makuti walichojenga mlangoni mwa msitu kwa ajili ya wageni. Nilisema niliyokuja kusema, kwamba naomba shimo moja, kando ya mke wake, na nitaandika popote wanapotaka kwamba mimi na kizazi changu hatutadai kitu. Nilikuwa na hakika. Akina mama wale wote walikuwa wamekula korosho za baba.

Aliyesema alikuwa yule mama mwenye sauti nzito. Alikuwa analia, nayo sauti haikubadilika.

"Mwanangu, kuna familia tatu hapa zinazosema babu zao walilima sehemu ya chini zamani. Wanangoja tu. Tukifungua kaburi moja, hatutaweza kuwazuia wao. Msitu wote utakuwa makaburi, kisha utakuwa mashamba, kisha utauzwa." Akajifuta kwa ncha ya leso. "Wewe mwenyewe ulilisema jambo hili pale barazani. Ulisema kweli."

Nilitazama kila mmoja. Hakuna aliyenichukia. Wote waliona aibu, na wote walikuwa upande wake. Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba hata mimi, nikiwa nimekaa pale na baba yangu yuko mochari, nilijua ningekuwa yeye ningesema vilevile.

Ndugu yangu ndiye aliyenifuata nje. Alikuwa amezeeka, na mvi zimemwanzia kwenye masikio. "Dada," akasema, "baba mkubwa asizikwe ugenini. Aje kwangu. Nitampa mahali kando ya marehemu binti yangu."

Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka, sikuiona. Macho yake yalikuwa mekundu. Mpaka leo sijui alichokuwa akitaka siku ile. Labda alikuwa akiomba msamaha kwa njia pekee aliyoiweza. Labda alitaka kijiji kione kwamba yeye ni mtu mwema. Labda alitaka mzee alale pale na mtoto, mbele ya Mungu, wayamalize wenyewe. Kama angetamka neno moja tu kuhusu siku ya moto, pengine ningekubali. Nilingoja alitamke. Aliniuliza kama nina gari la kubebea maiti.

"Baba hatazikwa kwako," nikamwambia.

"Utamzika wapi basi?"

Tulimzika katika makaburi ya umma, upande wa Mtwapa, kwenye udongo wa mawe ya matumbawe ambao wachimbaji waliuvunja kwa sururu tangu asubuhi. Upande mmoja kalala mtu wa bara ambaye jamaa zake hawakuja, upande wa pili kuna kaburi lisilo na jina. Watu wa ploti walikuja wote. Muuza mitumba alimleta mtoto wake, sasa ameshaanza shule, na mtoto alirusha mchanga kaburini kwa mkono wake kama wakubwa. Kutoka kijijini lilikuja lori. Walishuka wengi, akina mama wa kikundi na leso zao za sare, wazee, hata baadhi ya vijana wa siku ile, sasa wanaume wenye watoto. Walilia. Walilia kwa sauti kubwa kuliko watu wa ploti, kwa mpango na mdundo wa kwetu, na ndugu yangu alizungumza kwa niaba ya ukoo. Alisema tumempoteza mtu aliyetuachia kivuli. Watu wakaitikia. Mimi nilisimama nikishika koleo, na nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kufika Mtwapa kumjulia hali.

Mwaka huu walipunguza mivinje, maana kweli ilikuwa imebanana kama baba alivyosema. Waligawana boriti kwa kila nyumba, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa aliyetoa shamba, wakaniwekea fungu. Nilikwenda kwa sababu yule mama aliniita, naye sasa hawezi kutembea mbali, akataka tuonane. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kazi ya cherehani, tukanywa chai. Hatukuzungumza habari ya kaburi. Nilipanda mpaka kwa mama, nikang'oa majani kwenye mawe yake, nikateremka.

Boriti zangu zilikuwa zimelazwa mlangoni, zimemenywa maganda, zimenyooka. Ndugu yangu alikuwa akizigonga moja moja na kisigino cha kiatu kunionyesha uzima wake.

"Hizi hazina mchwa, dada. Chukua, ujengee nyumba."

"Nijenge wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. Alidhani ni mzaha, kama ndugu wanavyotaniana. Kisha gari la wageni likaingia, akajifuta mikono, akarekebisha kola ya shati lake, akaenda kuwapokea. Nilimsikia akianza kuwaeleza habari za mzee na shamba lililochoka. Nikamwambia kijana wa mkokoteni azipeleke boriti kwa yule mama, jiko lake linavuja, nami nikatembea kwenda barabarani kutafuta gari la kurudi Mtwapa, ambako kulikuwa na sare za shule zinazoningoja.